Urea imeunguza nyasi zangu: mbolea ya bustani ya nyasi kwa mwaka mzima, kiasi gani na lini

Swali: Nyasi zangu ni bermuda, eneo la kama mita za mraba 200. Udongo ni wa kichanga na jua linapiga siku nzima. Mbolea ninayotumia ni urea tu. Kila nikiona rangi imefifia namwaga. Zinakolea kijani wiki tatu hivi, kisha zinarudi kulekule. Safari hii nilimwaga kama kilo tano kwa mkono, asubuhi na mapema umande ukiwa haujakauka, nikamwagilia jioni. Siku ya tatu yakatokea mabaka ya kahawia, na kwingine mistari ya kijani kilichokolea kando ya mistari ya njano. Naomba kujua nitumie mbolea gani, kiasi gani, na niiweke lini kwa mwaka mzima.

Jibu: Tuanze na hizo kilo tano, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Urea ina nitrojeni asilimia 46. Kwa hiyo kilo tano zilibeba kilo 2.3 za nitrojeni, na ukizigawa kwa mita 200 unapata gramu 11.5 kwa kila mita ya mraba. Kwa mbolea inayoyeyuka haraka kama urea, kikomo cha mkupuo mmoja ni gramu 5 za nitrojeni kwa mita, na kwenye udongo wa kichanga nakusihi usivuke 3.5. Hata kama mkono wako ungetawanya sawasawa kabisa, nyasi zilipewa zaidi ya mara tatu ya kile zinachoweza kukitumia kwa wakati mmoja. Na mkono hautawanyi sawasawa. Unapofumbua kiganja zinaanguka nyingi, unapomalizia zinaanguka chache, na katikati ya njia moja na nyingine hubaki ukanda usioguswa. Mistari yako ya kijani ni pale njia mbili zilipopandana. Ile ya njano ni pale zilipoachana. Mabaka ya kahawia ni pale kiganja kilipofumbuka.

Umande uliongeza ubaya. Punje ikiangukia jani kavu huteleza hadi kwenye udongo. Ikiangukia jani lenye umande hunata na kuyeyuka palepale, na tone lile hugeuka kuwa maji makali kama ya chumvi. Jua likipanda tone linapungua, ukali unaongezeka, na maji yaliyomo ndani ya jani yanavutwa nje. Chuma jani moja pembeni mwa baka ulitazame kwa karibu: utakuta ncha na kingo zimekauka rangi ya makuti, huku chini karibu na shina bado kuna ukijani. Jani lililokufa kwa ugonjwa mara nyingi huwa na madoa yenye mpaka au huoza kuanzia chini, hivyo usikimbilie dawa ya ukungu.

Tena, kwa kungoja hadi jioni bila kumwagilia, sehemu ya mbolea uliipoteza hewani. Urea ikikaa juu ya udongo wenye unyevu, vimeng'enya vilivyomo kwenye udongo na kwenye majani makavu huigeuza kuwa amonia, na amonia ni gesi. Joto linaharakisha jambo hilo. Basi mbolea ileile iliunguza nyasi na bado nyingine ikapaa.

La kufanya wiki hii

Kwenye mabaka, kwanza angalia kama kuna punje ambazo hazijayeyuka. Zifagie au ziokote kabla ya kumwaga maji. Kisha mwagilia mabaka hayo, na hayo tu, maji ya milimita 25, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba, polepole ili yazame. Hayo yatashusha chumvi chini ya mizizi. Bustani nzima haina haja ya mafuriko. Kwenye mchanga utakuwa unaisukuma nitrojeni yote kwenda chini bure.

Baada ya siku kumi, vuta shina tambaazi moja kutoka kwenye baka na ulikwaruze kwa ukucha. Likiwa jeupe au kijani ndani na bado ni gumu, acha. Bermuda ikiwa katika msimu wa kukua hurudisha majani katika wiki mbili hadi nne. Likiwa la kahawia, kavu, na linavunjika kama njiti, sehemu hiyo imekufa. Hapo chimbua vipande vyenye mizizi vya ukubwa wa kiganja kutoka mahali penye afya, uvipandikize kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30. Zitatambaa na kufunga zenyewe.

Kisha usiweke nitrojeni ya aina yoyote kwa wiki nane, rangi iweje. Tayari umeweka karibu mahitaji ya mwaka mzima kwa asubuhi moja.

Usiifuate rangi, ufuate ukuaji

Hili ndilo kosa lililozaa mengine yote, na watu wengi wanalo. Rangi hufifia kwa kiu, kwa kukatwa chini mno, kwa upungufu wa chuma, kwa baridi, kwa kivuli, na pia kwa njaa ya nitrojeni. Ukijibu kila mfifio kwa urea, mara nyingi utakuwa unalisha nyasi ambazo hazina njaa, au ambazo haziwezi kula.

Nyasi za nchi za joto, yaani bermuda, zoysia, St. Augustine, bahia, kikuyu na jamaa zake, hukua kwa nguvu hewa ikiwa na nyuzi joto 27 hadi 35 za Selsiasi. Mizizi huanza kazi ya maana udongo ukifika nyuzi 18 kwenye kina cha sentimita 10. Udongo ukishuka hadi kati ya 13 na 10, nyingi hulala: majani hukauka lakini mashina na mizizi iko hai. Nyasi inayokua hula. Iliyolala haili, iwe imelazwa na baridi au na ukame, na mbolea utakayoimwagia itaenda kwenye maji ya chini ya ardhi, kwenye mtaro, au kwenye magugu ambayo hayajalala.

Kwa hiyo ratiba ya mwaka ipange kwa hali ya nyasi. Tarehe za kalenda zitajipanga zenyewe baada ya mwaka mmoja wa kuangalia.

*Kama kwako kuna majira ya baridi ya kulaza nyasi.* Wakati zimelala, nitrojeni ni sifuri. Tumia muda huo kupima udongo na kuweka chokaa ikihitajika. Zinapoanza kuamka, na hapa ndipo watu wengi hukosa subira, bado usiweke kitu. Nyasi inayoamka inaishi kwa akiba ya wanga iliyo kwenye mashina na vishina vya ardhini, na wakati huohuo sehemu ya mizizi ya zamani inakufa ili mipya iote. Ukiipa nitrojeni hapo, akiba yote inakimbilia majani badala ya mizizi. Ukija usiku mmoja wa jalidi baada ya hapo, majani hayo yanaungua na chini hakuna akiba ya kuanzia tena. Subiri hadi bustani yote iwe kijani na uwe umeikata mara mbili kwa sababu imekua kweli, siyo kwa kusawazisha. Hapo ndipo mkupuo wa kwanza. Kaskazini mwa ikweta mara nyingi huwa Aprili au Mei. Kusini huwa Oktoba au Novemba.

Kutoka hapo, rudia kila baada ya wiki tano au sita muda wote joto likiwepo na maji yakiwepo. Mkupuo wa mwisho wa nitrojeni uwe wiki sita hadi nane kabla ya tarehe ambayo jalidi ya kwanza huangukia kwenye eneo lako. Ukichelewa, majani yanabaki laini yenye maji mengi wakati yangepaswa kukomaa, na bermuda inayolishwa nitrojeni kwa kuchelewa inaweza kuamka msimu unaofuata ikiwa na viraka vya duara vilivyokufa, ugonjwa unaokula mizizi na mashina wakati wa baridi na kuonekana zikishaamka. Kuna mifuko inauzwa kama mbolea ya kuandaa nyasi kwa baridi huku tarakimu ya kwanza kwenye mfuko, ile ya nitrojeni, ikiwa kubwa. Nyingi zimeandaliwa kwa nyasi za nchi za baridi, ambazo hula wakati huo. Kwa bermuda ziache.

*Kama kwako hakuna baridi ya kulaza nyasi,* mwenye kuamua ni maji. Mvua ikianza usikimbilie mfuko. Acha udongo unyweshwe kwa mvua mbili tatu za kushiba, nyasi zichipue, ukate mara moja, ndipo uweke. Mkupuo wa pili wiki tano au sita baadaye, ikiwa mvua bado ipo. Kwenye misimu miwili ya mvua rudia vivyo hivyo katika kila msimu. Kiangazi bila kumwagilia usiweke nitrojeni kabisa; nyasi ya kahawia inayongoja mvua haina ugonjwa, imejihifadhi. Kama unamwagilia kiangazi chote, weka kidogo, gramu 2 hadi 2.5 za nitrojeni kwa mita kila wiki sita au nane. Bustani inayokua miezi kumi na miwili inahitaji zaidi kwa mwaka kuliko inayolala, lakini ziada hiyo iongeze kwa idadi ya mikupuo, siyo kwa uzito wa kila mkupuo.

Kiasi

Bermuda ya kawaida ya nyumbani hutosheka na gramu 10 hadi 20 za nitrojeni kwa mita ya mraba kwa mwaka. Kwako napendekeza 14, kwa mikupuo minne ya gramu 3.5. Kwa mita 200 kila mkupuo ni gramu 700 za nitrojeni.

Kugeuza hiyo kuwa uzito wa mbolea, gawa kwa asilimia iliyoandikwa kwenye mfuko. Gramu 700 gawa kwa 0.46 ni kilo 1.5 za urea. Kwa CAN (kalsiamu amonia naitreti) yenye asilimia 26 ni kilo 2.7. Kwa salfeti ya amonia yenye asilimia 21 ni kilo 3.3. Kwa NPK 17-17-17, mbolea ya mchanganyiko yenye nitrojeni asilimia 17, ni kilo 4.1. Linganisha kilo 1.5 na kilo tano zako, utaelewa kwa nini nyasi zilipiga kelele.

Ipi kati ya hizo? Urea ina nguvu nyingi kwa uzito mdogo, lakini inataka maji mara moja. CAN haipotei hewani kwa urahisi, ila sehemu ya nitrojeni yake iko katika hali ya naitreti, na kwenye mchanga mvua kubwa huishusha haraka. Salfeti ya amonia huongeza salfa na huchachusha udongo kuliko zote, hivyo inafaa udongo wenye chokaa nyingi na haifai udongo ambao tayari ni mchachu. Kwa udongo kama wako, kama unaweza kuipata, iliyo bora ni ile ambayo theluthi hadi nusu ya nitrojeni yake inatoka polepole, kwa mfano urea iliyovikwa salfa au utando wa plastiki. Ukiipata unaweza kuweka gramu 5 za nitrojeni kwa mkupuo na kungoja wiki nane hadi kumi. Hilo pekee litaondoa ule mzunguko wako wa wiki tatu, kwa sababu urea tupu kwenye mchanga haina mahali pa kukaa: mchanga haushiki virutubisho kama mfinyanzi, na kisichonyonywa mapema kinazama.

Mboji iliyoiva ni rafiki wa mchanga. Tandaza milimita 5, ambayo ni nusu mita ya ujazo kwa kila mita za mraba 100, uichane kwa reki hadi majani yatokeze juu, wakati nyasi zinakua kwa nguvu. Chakula chake ni kidogo na kinatoka taratibu, lakini kwa miaka michache udongo utaanza kushika maji na mbolea. Samadi mbichi usiiweke. Ina amonia ya kuunguza, na mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa mnyama bila kufa.

Vipande vya nyasi vinavyotoka kwenye mashine viache palepale unapokata, mradi hukati zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Hurudisha hadi robo ya nitrojeni ya mwaka. Ukivikusanya na kuvitupa, jua kwamba unatupa karibu mkupuo mmoja mzima.

Kutawanya

Hapa ndipo kazi inapoharibika hata kwa mwenye hesabu sahihi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kata nyasi siku moja kabla. Siku ya kuweka ngoja umande ukauke. Pitisha mkono juu ya majani, ukitoka mkavu endelea. Gawa bustani kwa kamba katika sehemu nne za mita za mraba 50. Pima kilo 1.5 za urea kwenye mizani na uigawe mafungu manane ya gramu 190 hivi. Fungu moja ni karibu kikombe cha robo lita kilichosawazishwa, lakini mara ya kwanza hakikisha kwa mizani, uweke alama kwenye kikombe hicho na kisitumike tena jikoni. Kila sehemu ina mafungu mawili: moja utalitawanya ukitembea kwa urefu, la pili ukitembea kwa upana. Kosa la njia ya kwanza linafichwa na njia ya pili.

Gramu 190 kwa mita 50 ni kidogo sana mkononi na utashawishika kuongeza. Usiongeze. Changanya fungu na mchanga mkavu mara nne ya ujazo wake, ili mkono upate kitu cha kushika na punje zitawanyike mbalimbali. Rusha kwa vidole kutoka usawa wa goti, mtupo mfupi, kiganja kikiangalia chini. Ukimaliza, inama uangalie: kwenye eneo la ukubwa wa sahani unapaswa kuona punje chache zilizoachana. Ukiona punje zimegusana makundi makundi, zitawanye kwa mgongo wa reki kabla ya maji.

Kama una mashine ya kutawanyia, ianzie kwenye uwazi mdogo kuliko unaodhani, upite njia mbili kwa nusu ya kiasi kila njia. Ijaze mbolea ikiwa nje ya nyasi. Ukiijaza juu ya nyasi, kitakachomwagika kitaacha baka la duara litakalokaa wiki kadhaa. Funga tundu kila unapogeuza. Punje zilizoangukia sakafuni au njiani zifagie zirudi kwenye nyasi, zisioshwe kwenda mtaroni; nitrojeni na fosforasi zikifika kwenye bwawa au mto hulisha mwani na kuua samaki kwa kukosa hewa.

Halafu maji, papo hapo, milimita 6. Kwa mita zako 200 ni lita 1,200. Njia rahisi ya kujua umefikia ni kuweka makopo manne matupu yenye kuta zilizonyooka sehemu tofauti, uchovye rula. Yakionyesha milimita 6, funga. Kwenye mchanga usizidishe mara mbili ya hapo. Mvua nyepesi inaweza kufanya kazi hiyo badala yako, lakini wingu la dhoruba likionekana ahirisha.

Potasiamu, fosforasi, chokaa na chuma

Tarakimu tatu kwenye mfuko ni nitrojeni, fosforasi (kwa kipimo cha P2O5) na potasiamu (kwa kipimo cha K2O). Umekuwa ukitoa ya kwanza tu kwa muda mrefu, na kwenye mchanga inayokosekana mara nyingi ni ya tatu. Potasiamu husaidia nyasi kuhimili ukame, baridi na kukanyagwa, na bermuda yenye upungufu wake hushambuliwa sana na madoa ya majani. Usipokuwa na kipimo cha udongo, weka potasiamu iliyo nusu ya nitrojeni ya mwaka: gramu 7 za K2O kwa mita, nusu yake katikati ya msimu na nusu pamoja na mkupuo wa mwisho. Kwa mita 200 kila nusu ni kilo 1.4 za salfeti ya potasi yenye asilimia 50, au kilo 1.2 za kloridi ya potasi yenye asilimia 60. Hii ya pili ina chumvi kali, hivyo masharti ya jani kavu na maji ya papo hapo ni yaleyale.

Fosforasi ni muhimu sana wakati wa kupanda, mizizi ikiwa michanga. Bustani iliyokwisha funga huhitaji kidogo mno, na kuiweka kila mwaka bila kipimo huirundika kwenye udongo. Ndiyo maana 17-17-17 kama chakula cha kudumu cha nyasi siipendekezi.

Kipimo cha udongo fanya kila baada ya miaka miwili au mitatu. Chota sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 10, toa majani na mizizi, changanya kwenye ndoo ya plastiki, kausha kivulini, upeleke nusu kilo maabara. Ndoo ya bati usitumie, inaongeza zinki kwenye majibu. pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, kati ya 6 na 7 inaifaa bermuda. Ikishuka chini ya hapo maabara itakupa kiasi cha chokaa ya kilimo. Ukiweka juu ya nyasi zilizokwisha ota usizidi gramu 250 kwa mita kwa mara moja, na iachane na urea au salfeti ya amonia kwa wiki mbili au tatu, la sivyo nitrojeni itapaa.

Sasa ile njano isiyosikia urea. Njaa ya nitrojeni huanza kwenye majani ya zamani ya chini, kwa sababu mmea unainyang'anya sehemu kuukuu na kuipeleka kwenye chipukizi. Upungufu wa chuma huanza juu, kwenye majani mapya, na njano yake ina mistari: mishipa inabaki kijani, nafasi kati yake inapauka. Hutokea zaidi pH ikiwa juu ya 7. Ukiiona hiyo, nyunyiza salfeti ya chuma gramu 60 katika lita 15 za maji kwa kila mita za mraba 100, jioni au kukiwa na mawingu. Rangi hurudi ndani ya siku chache bila kuzidisha kukua. Maji hayo yakigusa saruji au vigae huacha madoa ya kutu yasiyotoka, hivyo anza kunyunyiza ukiwa umeipa njia mgongo.

Kama nyasi si bermuda

Hesabu zilizo juu usizihamishie kila mahali. St. Augustine, yenye majani mapana, inachukua gramu 10 hadi 20 kwa mwaka lakini hulipiza ziada: nitrojeni nyingi wakati wa joto huiletea madoa ya kijivu ya majani na wadudu wadogo jamii ya kunguni wanaofyonza utomvu. Zoysia hukua taratibu na gramu 10 hivi zinaitosha. Bahia hutosheka na 5 hadi 10. Kikuyu inakaribia bermuda kwa ulaji, ila husongamana haraka ukiilisha hivyo, kwa hiyo anzia chini. Ile ya kutambaa iitwayo Eremochloa ophiuroides inataka gramu 5 tu na udongo wenye pH ya 5 hadi 6. Ukiilisha kama bermuda inadhoofika mwaka baada ya mwaka huku mwenyewe akiongeza mbolea kuiokoa. Na aina yoyote iliyo chini ya mti ipewe nusu, kwa sababu bila jua haiwezi kuitumia.

Kujua kama umezidisha hata bila kuunguza

Chukua kisu ukate kipande cha pembetatu chenye kina cha sentimita 8, ukitoe kama kipande cha keki. Kati ya majani mabichi na udongo utaona tabaka la mashina na mizizi iliyokufa, la kahawia, linalobonyea kwa kidole. Sentimita moja ni sawa, linakinga udongo na jua. Likizidi sentimita 1.3, maji na mbolea vinakwama humo na mizizi inaanza kuota ndani yake badala ya kwenye udongo. Bermuda iliyolishwa urea mara kwa mara huwa nalo nene. Likiwa hivyo, punguza nitrojeni ya mwaka hadi gramu 10, na katikati ya msimu wa kukua, nyasi zikiwa na nguvu ya kupona, lichane kwa reki ngumu au mashine ya visu vya wima. Rudisha kipande chako mahali pake, ukikanyage, ukimwagilie. Baada ya wiki hutakiona.

Wiki nane zikiisha na ukawa tayari kuanza mpango huu, katika mkupuo wa kwanza funika mita moja ya mraba kwa turubai mahali pa kawaida, pasipo kivuli wala bomba linalovuja, utawanye mbolea kote, kisha ulitoe kabla ya kumwagilia. Baada ya wiki mbili simama mbali kidogo uitafute ile mita. Ukiiona wazi, imepauka na ni fupi kuliko wenzake, nyasi zilikuwa na njaa na kiasi chako ni sahihi. Usipoiona, udongo bado una chakula cha kutosha: ruka mkupuo unaofuata, na urudie jaribio hilo mahali pengine mkupuo utakaokuja baada yake.